Krismasi Tatu za Bethlehemu

Ndugu msikilizaji, kila Ramadhani inapofika ukingoni hapa kwetu pwani, swali huwa ni moja tu: mwezi umeandama? Mmoja atasema umeonekana, mwingine atasema bado, na asubuhi yake nyumba hii inapika pilau huku jirani yao amefunga. Maneno huwa mengi. Wapo wanaoona ni aibu kubwa, watu wa dini moja kushindwa kukubaliana hata siku ya kula.

Leo nataka tuutazame mji ambao umeishi na jambo la namna hiyo kwa karne nyingi, ukaliwekea utaratibu. Mji wenyewe ni Bethlehemu, kusini ya Yerusalemu, katika nchi ambayo Wayahudi, Wakristo na Waislamu wote huiita takatifu.

Desemba huko ni majira ya baridi na mvua, na ndio wakati wa sikukuu. Kule Yerusalemu, Wayahudi huwasha taa kwa siku nane za Hanuka, kukumbuka jinsi hekalu lao lilivyotakaswa mwaka 164 K.K. Bethlehemu nayo hujaa wageni wanaoifuata Krismasi. Lakini mgeni anayefika tarehe 26 Desemba akidhani amechelewa, hajachelewa. Usiku wa 24 Desemba ni zamu ya Wakatoliki, ambao Patriaki wao huja kwa maandamano kutoka Yerusalemu. Tarehe 6 Januari huja Patriaki wa Wagiriki Waorthodoksi, na siku hiyo Wasiria, Wakopti na Wahabeshi nao husherehekea. Tarehe 18 Januari wanaingia Waarmenia. Mtoto ni mmoja, hori ni moja, na mikesha ya Krismasi ni mitatu.

Chanzo chake ni kalenda. Julius Caesar alipoweka kalenda yake mwaka 45 K.K., mwaka wake ulizidi ule wa jua kwa dakika kama kumi na moja. Dakika hizo zikalimbikizana hata zikawa siku nzima nzima. Mwaka 1582 Papa Gregory wa 13 akaamuru kwamba baada ya tarehe 4 Oktoba ifuate tarehe 15. Waorthodoksi hawakuwa tayari kupokea amri ya Papa, wakabaki na hesabu ya zamani. Leo tofauti imefika siku 13, na ndiyo maana 25 Desemba yao huangukia 7 Januari yetu. Waarmenia wao huadhimisha kuzaliwa na kubatizwa kwa Yesu siku moja, 6 Januari, na wale wa Yerusalemu wakitumia hesabu hiyo ya zamani wanaangukia tarehe 19.

Sasa, siku wamegawana. Nyumba je? Kanisa la Kuzaliwa Yesu lina wenyewe watatu: Wagiriki, Wakatoliki wa shirika la Mtakatifu Fransisko, na Waarmenia. Wahenga walisema vikombe vikikaa pamoja havikosi kugongana, na hawa wamegongana sana. Mwaka 1847 nyota ya fedha yenye maandishi ya Kilatini, iliyowekwa pangoni mwaka 1717, ilitoweka. Wakatoliki wakawanyoshea kidole Wagiriki. Ufaransa ikasimama nyuma ya Wakatoliki, Urusi ikasimama nyuma ya Waorthodoksi, na Sultani wa Uturuki, aliyeitawala nchi ile, akabanwa katikati. Mwaka 1853 nyota mpya iliwekwa, lakini mwaka huo huo vita vilizuka. Vita vya Krimea vilikuwa na sababu nyingine nyingi, ila ugomvi wa mahali patakatifu ulikuwa mmojawapo.

Kabla ya vita hivyo, mwaka 1852, Sultani Abdulmejid alikuwa ametoa amri: kila upande ubaki na kile ulichokuwa nacho, pasiongezwe wala kupunguzwa. Amri hiyo, pamoja na mazoea yaliyojengeka juu yake, ndiyo inayofuatwa hadi leo. Imepangwa nani aingie saa ngapi, nani awashe taa ipi, nani afagie wapi.

Usidhani kufagia ni jambo dogo. Katika nyumba ile, anayefagia mahali anaonekana kuwa ndiye mwenyewe. Desemba 2011, wakisafisha kanisa kujiandaa kwa Krismasi ya Waorthodoksi, watawa wa Kigiriki na wa Kiarmenia walipigana kwa mifagio mpaka polisi wa Kipalestina wakaingia kuwaamua. Hata paa lilikuwa likivuja kwa miaka mingi, kwa sababu atakayelipia ukarabati angeweza kudai paa ni lake. Ilibidi Mamlaka ya Palestina iingie kati, na kazi ikaanza mwaka 2013.

Ng'ambo ya uwanja, mkabala na kanisa, upo Msikiti wa Omar, uliojengwa mwaka 1860 kwenye kiwanja kilichotolewa na Kanisa la Kiorthodoksi. Waislamu nao wana hesabu yao ya mwezi, inayorudi nyuma kama siku 11 kila mwaka. Mwaka 2030 Ramadhani itaingia mara mbili, Januari na tena mwisho wa Desemba, na uwanja ule mmoja utapokea wafungaji na wenye Krismasi kwa pamoja.

Kinachousumbua mji huo zaidi hutoka nje. Krismasi ya mwaka 1995, siku chache baada ya majeshi ya Israeli kuondoka mjini, Yasser Arafat alihudhuria misa ya usiku. Mwaka 2001 alizuiwa kwenda, na kiti chake kikaachwa kitupu, kimewekewa kilemba chake tu. Mwaka 2002 kanisa lenyewe lilizingirwa na majeshi kwa siku 39. Kisha ikaja vita ya Gaza. Desemba ya 2023 na ya 2024 hapakuwa na mti wa taa uwanjani, wala shangwe. Maskauti, ambao kwa desturi hupita na ngoma na zumari, walipita kimya. Wenye hoteli na wachonga sanamu za mzeituni walikaa bila wageni. Hata hivyo, ndani ya kanisa kila upande ulisali kwa zamu yake. Desemba 2025 mti ukawashwa tena.

Ndugu msikilizaji, watu wale hawakupatana kwa sababu wanapendana kupita sisi. Mifagio ni shahidi. Wamedumu kwa sababu kila mmoja anaijua zamu yake, na anajua kwamba akiigusa ya mwenzake, yake nayo haitasalimika. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ujirani ni mali.

Basi mwezi ukigombewa tena mwaka huu, tusigombane sisi. Wewe uliyetangulia kula, mwekee jirani yako sahani ya pilau hadi kesho yake. Naye akishakula, akurudishie sahani ikiwa na chochote. Kwaherini.