Akili ya Ghafla na Mawe Meusi ya Naivasha

Leo sitaandika juu ya simu mpya wala programu mpya. Nataka kuandika historia, ila itabidi nianze na aibu yangu mwenyewe, maana ndiyo iliyonipeleka kwenye hiyo historia.

Nafanya kazi katika timu ndogo ya watengenezaji wa programu hapa Naivasha. Wateja wetu wengi ni mashamba ya maua, na sehemu ngumu kuliko zote katika mfumo wetu ni ile inayohesabu mashada kutoka chumba cha kufungia hadi chumba baridi, na kutoka hapo hadi kwenye lori. Anayeitunza ni mwenzangu mmoja, kijana mdogo kwangu kwa miaka miwili. Kusema kweli, msimbo wake ulikuwa kama nywele ambazo hazijachanwa mwezi mzima. Halafu Jumatatu moja akaileta sehemu yote ikiwa imeandikwa upya: safi, ina majaribio yake, na hesabu zinakubaliana. Yote kwa mkupuo mmoja, na ujumbe wa neno moja tu: "Marekebisho".

Nikashuku. Tangu ChatGPT itolewe mwishoni mwa 2022, kila mmoja wetu ana swali hilo mdomoni. Tena mkataba wetu na mteja unakataza kupeleka data yake nje, kwa hiyo halikuwa jambo la wivu peke yake (ingawa wivu ulikuwepo, sitadanganya). Tukiwa tunakula githeri, mbele ya wenzetu, nikamuuliza, "Ndugu, hii kazi ni ya nani?" Akaniangalia. "Boss, kwani si jina langu liko hapo?" Akafunga kompyuta yake na kutoka. Kwa wiki mbili hakula nasi.

Haya, sasa historia. Katika wiki hizo mbili niligundua kwamba swali langu limewahi kuulizwa kuhusu binadamu wote.

Mwanaakiolojia Richard Klein wa Chuo Kikuu cha Stanford alitetea kwa miaka mingi wazo hili: watu wenye miili kama yetu waliishi muda mrefu bila kufanya mambo makubwa, kisha karibu miaka 50,000 iliyopita, ghafla, wakaanza kutengeneza mapambo, vifaa vya mifupa na sanaa. Maelezo yake yalikuwa kwamba chembe za urithi zilibadilika na ubongo ukapata uwezo mpya. Yaani, binadamu alilala na akili moja akaamka na nyingine. Klein hakuwa mtu wa kubahatisha. Ukichimba Ulaya, ndivyo unavyoona: tabaka za chini hazina mambo hayo, za juu zimejaa. Ugumu ni kwamba mabadiliko ya aina hiyo ndani ya ubongo hayaachi alama kwenye fuvu, kwa hiyo huwezi kuyachimba ukayapima.

Na sisi wa Naivasha tumo katika kesi hiyo. Kwenye ukingo wa Mau, magharibi ya ziwa letu, kuna pango liitwalo Enkapune Ya Muto. Stanley Ambrose alichimba huko miaka ya 1980, na mwaka 1998 akachapisha matokeo: shanga zilizotengenezwa kwa maganda ya mayai ya mbuni, zenye umri wa miaka kama 40,000. Shanga haikati nyama wala haichimbi mizizi. Ni kitu cha kuvaa, au cha kumpa mwenzako akukumbuke. Ukiziangalia hizo peke yake, unaweza kusema Klein alikuwa sahihi.

Lakini mwaka 2000 Sally McBrearty na Alison Brooks waliandika makala ndefu katika jarida la Journal of Human Evolution wakisema mapinduzi hayo hayakutokea. Hoja yao mtengenezaji yeyote wa programu ataielewa. Ulaya inaonekana kama ilipata akili ghafla kwa sababu watu walifika huko wakiwa tayari wana ujuzi wao. Kazi ilikuwa imefanyika kwingine, yaani Afrika, kidogo kidogo, kwa makumi na mamia ya maelfu ya miaka, sehemu moja hiki, sehemu nyingine kile. Anayechimba Ulaya peke yake anaona mkupuo wa mwisho tu. Historia yenyewe iko kwenye mashine nyingine.

Ushahidi umeendelea kuongezeka, na mwingi uko hapa kwetu. Nenda Kariandusi, karibu na Gilgil, ambako Louis Leakey alianza kuchimba miaka ya 1920. Utaona mashoka ya mkono ya mawe, mengine ya obsidiani, lile jiwe jeusi la volkeno linalong'aa kama kioo. Mashoka ya namna hiyo yalitengenezwa kwa umbo karibu lile lile kwa mamia ya maelfu ya miaka. Kisha nenda Olorgesailie, barabara ya Magadi. Huko, mwaka 2018, timu ya Rick Potts na Alison Brooks ilitangaza vifaa vidogo vya ufundi mpya vyenye umri wa kama miaka 320,000, pamoja na ngeu na vipande vya obsidiani iliyotoka mbali, kati ya kilomita 25 na 95. Mtu hapati jiwe la umbali huo bila kusafiri sana au kubadilishana na majirani.

Sasa sikilizeni hili, ndilo lililonikosesha usingizi. Olorgesailie, kati ya mashoka ya zamani na vifaa vipya, pana pengo la miaka kama 180,000. Udongo wa kipindi hicho ulimomonyoka ukaenda. Ukisimama pale unaona ujinga chini, werevu juu, katikati hakuna kitu. Ili kupata kurasa zilizopotea, mwaka 2012 watafiti walitoboa ardhi mita 139 katika bonde la Koora, jirani hapo. Matokeo yalitoka 2020: kuanzia kama miaka 400,000 iliyopita ardhi ilipasuka, maji na nyasi vikawa vya kuja na kutoweka, na maisha yakawa magumu kutabiri. Hapo ndipo ufundi wa zamani ulipoachwa.

Pwani nako, pango la Panga ya Saidi kule Kilifi lina kumbukumbu ya miaka 78,000. Uchunguzi uliochapishwa 2018 haukuona mruko mmoja mkubwa. Vitu vipya vinaingia, vya zamani vinabaki. Humo ndimo lilimopatikana kaburi la mtoto wa miaka kama mitatu, aliyepewa jina la Mtoto, na habari zake zilitangazwa 2021. Alizikwa kwa uangalifu miaka 78,000 iliyopita, muda mrefu kabla ya ile tarehe ya 50,000.

Baada ya kusoma haya nilimfuata mwenzangu jioni, tukiwa wawili tu. Sikumuuliza ni kazi ya nani. Nilimwomba anionyeshe kumbukumbu za mabadiliko. Akafungua kompyuta yake ya nyumbani: miezi kumi na minne, karibu yote usiku. Alikuwa ameiandika ile sehemu upya mara tano. Mara mbili aliuliza mashine, na alitumia data ya kubuni, si ya mteja. Nikamuuliza kwa nini aliyabana yote kuwa mkupuo mmoja. "Nilionea haya zile za mwanzo," akasema.

Kesho yake nilimwomba msamaha mbele ya wale wale walionisikia nikimshuku. Alikubali, ingawa alichukua muda kunizoea tena. Sasa tuna kanuni moja katika timu: leta kazi yako pamoja na historia yake, hata ile mbovu.

Siku mkija Hell's Gate, mtaona obsidiani ikimetameta njiani. Iangalieni, ila msiibebe. Ni sehemu ya kumbukumbu, na zilizokwisha kupotea zinatosha.

Wasalaam.