Kwao Mtu ni Wapi? Historia ya Kudumu Mahali Pamoja katika Nchi ya Mpanda

Wahenga walinena ya kwamba mwacha asili ni mtumwa. Kwa methali hiyo twamsifu mtu aliyezaliwa, akalima, akalea na kuzikwa katika nchi ya baba zake. Sifa hiyo ni ya haki, kwa maana mtu wa namna hiyo anajua mvua za kwao, njia zake na makaburi yake, naye hujulikana bila kujieleza. Lakini je, uzuri huo hutokana na kuzaliwa tu? Katika makala haya tutaipima methali hiyo kwa historia ya Mpanda na nchi inayoizunguka, ambayo ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Rukwa hadi ulipoundwa Mkoa wa Katavi mwaka 2012.

Yatupasa kukumbuka kwanza ya kwamba hata wenyeji wa kale wa nchi hii, yaani Wabende, Wakonongo, Wapimbwe na wengineo, hawakuachwa wakae walipotaka. Wakati wa utawala wa Waingereza watu wengi wa magharibi ya Tanganyika walihamishwa na kukusanywa pamoja kwa ajili ya ugonjwa wa malale. Katika miaka ya 1970 ikaja amri ya kuhamia vijijini. Basi katika nchi hii kudumu mahali pamoja hakukuwa jambo la kawaida lililomjia mtu pasipo taabu.

Mfano ulio wazi kuliko yote unatoka Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Wamisionari wa Afrika, waitwao Mapadre Weupe, walikabidhiwa kituo hicho mwaka 1885. Mwaka 1889 akafika huko Adrian Atiman. Mtu huyu alizaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa utotoni, akauzwa utumwani, kisha akakombolewa na wamisionari hao na kupelekwa Malta kusomea uganga. Alioa mwanamke wa huko Karema, Agnes Wansabira, na mwana wao Joseph akawa padre. Atiman alitibu wagonjwa na kufundisha dini mpaka alipofariki mwaka 1956, yaani kwa muda wa miaka 67.

Tukiishika methali kwa ukali, Atiman alikuwa mtumwa mara mbili, kwa kuwa aliuzwa na tena hakurudi kwenye asili yake. Lakini historia yatuonyesha kinyume chake. Asili yake aliporwa. Hakuiacha kwa hiari. Uhuru wake ulikomaa pale alipokubali watu wa Karema wawe watu wake. Wagonjwa walipomwita usiku, hawakumwuliza alizaliwa mto gani.

Tulinganishe na jambo la pili. Baada ya Vita Kuu ya Pili, kampuni ya Uruwira Minerals ilichimba madini ya risasi huko Mpanda, na mwaka 1950 reli ikafika mjini hapo kutoka Kaliua. Wafanyakazi walikuja kutoka pande nyingi. Mwaka 1960 mgodi ukafungwa, na kampuni ikaondoka. Hatuwalaumu waliofuata mshahara, kwa sababu walikuwa na watoto wa kulisha. Twaona tu ya kwamba kampuni ilifungamana na nchi kwa kile kilichokuwa chini ya ardhi, na kilipokosa faida, kifungo kilikatika.

Jambo la tatu linagusa historia ya Walutheri wenyewe. Baada ya mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi, maelfu ya watu walikimbilia Tanzania. Wengi wao walipewa makazi Katumba, kisha Mishamo, wilayani Mpanda. Shirika la TCRS, lililokuwa tawi la Shirikisho la Kilutheri Ulimwenguni, lilishirikiana na serikali na Umoja wa Mataifa kufungua misitu, kuchimba visima na kujenga shule. Wakimbizi wakalima mahindi, maharagwe na tumbaku, wakazaa watoto wasioijua Burundi.

Mwaka 2010 zaidi ya watu 160,000 wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu walikubaliwa kuwa raia wa Tanzania. Lakini waliambiwa pia ya kwamba watahamishiwa mikoa mingine na kutawanywa. Uraia ukawa na bei, nayo ilikuwa kuacha mashamba, makanisa na makaburi ya karibu miaka 40. Wengi walisita, na miaka ikapita katika mashaka. Hatimaye mpango wa kuwatawanya uliachwa, na mwaka 2014 utoaji wa vyeti vya uraia ukaanza. Watu hao walikuwa wamelitendea kazi lile shauri la nabii Yeremia kwa wahamishwa wa Babeli, la kujenga nyumba na kupanda bustani. Ni vigumu kumwambia aliyepanda hivyo ya kwamba hapo si kwake.

Huenda msomaji akauliza: je, Ibrahimu hakuamriwa kutoka katika nchi yake? Naam, aliamriwa, na mapenzi ya kwetu yaweza kugeuka kuwa ukabila unaomfungia mgeni mlango. Lakini hata Ibrahimu alinunua shamba la Makpela apate kumzika Sara, na tangu siku hiyo nchi ya ugeni ikawa na kaburi lake.

Kwa hiyo methali yetu yafaa kuelezwa upya. Asili ya mtu ni kule alikozaliwa, na pia ni kule alikojitoa kwa muda mrefu hata watu wakamhesabu kuwa wao. Kwa mtumishi wa kanisa, ambaye huhamishwa kutoka usharika hata usharika, neno hili lina uzito. Miaka michache yatosha kujua hesabu za usharika. Kujua huzuni za nyumba zake kwahitaji miaka mingi zaidi. Wakuu wanaopanga uhamisho na wachungaji wanaouomba wafikiri kwanza ni kitu gani kitakachokatika. Tena sharika zenye wageni zijiulize kama zimewaachia nafasi ya kuwa wenyeji.