Moto, moto, moto: namna herufi zetu zilifika kwenye Linux bila intaneti

Bandugu, wiki iliyopita mdogo wetu mmoja aliniletea TFC yake na maswali mawili. La kwanza: juu ya nini kazi yake ilikuwa kurasa 63 kwenye ordinatere ya rafiki yake, lakini kwenye ile ordinatere ya Linux ya umoja wetu inatoka kurasa 71, na hakuongeza hata neno moja? La pili: mbona zile ɛ na ɔ za Lingala zinaonekana nene kuliko herufi za pembeni, kama zimevaa viatu vya mtu mwingine?

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Maswali yale yote mawili nilishayalipia makuta.

Mimi pia niliandika juu ya Lingala, hapa Kisangani. Nilikuwa na jedwali moja ambalo njo lilikuwa moyo wa kazi: moto ni mtu, motó ni kichwa, mɔ́tɔ ni moto ule wa kuunguza. Nikapeleka faili kwenye sekretaria moja ili wanitolee kwenye karatasi, siku mbili mbele ya kulinda kazi. Karatasi zikatoka na visanduku vitupu kila mahali palipokuwa na ɔ. Kijana wa pale akaniambia, "Kaka, weka o tu, batu bataelewa." Muda ulikuwa umeisha, nikaweka o. Mbele ya jury jedwali langu likasoma: moto, moto, moto. Bwana mmoja wa jury akaniuliza tofauti iko wapi. Nilijibu kwa mdomo, lakini alama hazipewi juu ya mdomo peke yake.

Tangu siku ile nilianza kutafuta: hizi herufi zilitoka wapi, na nani alizifungia mlango?

Zilitoka mbali kuliko nilivyofikiri. Mwishoni mwa miaka ya 1920, taasisi moja ya lugha na tamaduni za Afrika iliyokuwa London, na Diedrich Westermann akiwa kati ya wakubwa wake, ilipendekeza alfabeti moja ya kuandikia lugha nyingi za Afrika. Wazo lao lilikuwa hili: badala ya kujaza alama juu ya herufi, afadhali kuongeza herufi zenyewe. Humo mlikuwa ɛ na ɔ. Mwaka 1976 wanaisimu wa Zaire, ndani ya umoja wao, wakakubali maandishi ya Lingala yenye herufi hizo mbili. Mwaka 1978 kukawa na mkutano wa UNESCO kule Niamey juu ya alfabeti ya marejeo ya Afrika, na ɛ na ɔ zikawemo tena.

Kwa hiyo kwenye karatasi za wasomi mambo yalikuwa sawa. Shida ilikuwa mashini. Mashini ya kuandikia yenye kibodi ya Kifaransa haina ɛ. Mtu alikuwa na njia mbili: kuacha nafasi na kuijaza kwa bic, au kuandika e na kunyamaza. Wengi walinyamaza. Mimi naona njo maana hadi leo mtu ambaye Lingala ni lugha ya mama yake anaweza kukuambia kwamba ɛ "si ya Lingala, ni ya mapadri." Hajawahi kuikuta kwenye kibodi, atajuaje kama ni yake?

Ordinatere zilipokuja, kwanza zilifanya mambo kuwa mabaya zaidi. Fonti za zamani zilikuwa na nafasi 256 tu, na nafasi zile zilishagawanywa kwa lugha za Ulaya. Wanaisimu wakafanya ujanja: wakatengeneza fonti ambamo nafasi ya herufi fulani ilichorwa herufi nyingine. Ukiwa na fonti ile, unasoma vizuri. Ukimtumia mwenzako faili bila fonti, anaona uchafu. Nimeona faili za namna hiyo kwa mwalimu mmoja mzee, miaka ya kazi yake, na fonti yenyewe ilikufa pamoja na diski ya ordinatere yake. Maandishi yako pale, lakini hayasomeki.

Unicode ilipotoka mwaka 1991, ilileta utaratibu mwingine: kila herufi inapewa namba yake, haijalishi fonti. ɔ ikapewa 0254, ɛ ikapewa 025B. Tangu hapo faili inaweza kusema ukweli hata kama fonti haiko. Lakini kuwa na namba si kuwa na sura. Bila fonti yenye mchoro wa namba ile, utaona kisanduku. Hapo njo visanduku vyangu vilitokea: faili yangu ilikuwa sawa, fonti ya ile mashini ya sekretaria njo ilikuwa haijui namba 0254.

Sasa turudi kwenye kurasa 63 na 71. Shule zetu zinadai Times New Roman, ukubwa 12. Herufi hiyo ilichorwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London, likaanza kuitumia tarehe 3 Oktoba 1932. Gazeti lilihitaji herufi nyembamba zisizokula nafasi. Ina mwenyewe, na Linux haiwezi kuigawa tu hivi. Mwaka 1996 Microsoft ilitoa bure kundi la fonti kwa ajili ya intaneti, Times New Roman, Arial na Verdana zikiwemo, kwa sharti moja: ukizigawa, zibaki ndani ya mafungu yaleyale ya .exe, bila kubadilisha kitu. Mwaka 2002 ikaacha kuzitoa, lakini ruhusa ilibaki. Ndiyo sababu watu wa Debian walitengeneza kifurushi cha ajabu kinachoitwa ttf-mscorefonts-installer. Jina linakudanganya. Ndani yake hakuna fonti hata moja! Ni kijumbe tu: ukikisimika kinakimbia intaneti kuchukua yale mafungu, kinayafungua, kinaweka fonti mahali pake.

Unaona basi kilichotupata. Tulinakili kifurushi kile kwenye flash, tukatembea nacho, tukakisimika kwenye ordinatere isiyo na koneksio, na kikakwama paleple. Safari ya pili tulileta mafungu yenyewe ya .exe. Kumbe kuyafungua kunahitaji programu inayoitwa cabextract, nayo haikuwepo. Safari ya tatu tulileta cabextract. Kutoka kwenye cyber hadi kwenye ofisi yetu si mbali, lakini safari tatu kwa mguu wakati wa mvua, nafikiri Westermann angetuhurumia.

Kuisimika yenyewe, ukishakuwa na faili mkononi, ni kazi ya dakika mbili. Unatengeneza folda .local/share/fonts ndani ya nyumba yako kwenye Linux, unatupa humo faili za .ttf au .otf, unaandika fc-cache -f, unafunga LibreOffice na kuifungua tena. Ukitaka watumiaji wote wa mashini wazione, unaziweka kwenye /usr/local/share/fonts, kwa ruhusa ya mwenye mashini. Urahisi huu nao una historia yake: mwanzoni mwa miaka ya 2000 Keith Packard aliandika fontconfig, na programu zikaanza kutafuta fonti zenyewe ndani ya folda. Mbele ya hapo ilibidi kuandika orodha za fonti na kuiambia seva ya picha isome upya.

Lakini hata baada ya safari tatu, ɛ ya mdogo wetu ilibaki nene. Zile fonti za 1996 zilichorwa kwa lugha za Ulaya: Kilatini chao, Kigiriki, Kirusi. ɛ yetu haimo. Fontconfig ikikosa herufi inaiazima kwenye fonti nyingine, kwa hiyo Times iliazima kwa DejaVu. Viatu vya mtu mwingine, kweli.

Na hii DejaVu nayo ina habari yake. Mwaka 2003 kampuni ya Bitstream ilitoa fonti za Vera, huru kabisa, lakini kwa lugha za Ulaya Magharibi tu. Mwaka 2004 Štěpán Roh akaanza kuziongezea herufi, watu wakajiunga, na kazi ikaitwa DejaVu. Kati ya waliozifanyia kazi nyingi kwa upande wa herufi za Afrika ni Denis Moyogo Jacquerye. Na kazi haikuwa kuchora ɛ tu. Ile ɔ́ ya mɔ́tɔ haina namba yake peke yake kwenye Unicode. Inaundwa na ɔ halafu alama ya toni inayokaa juu yake. Fonti ambayo haikufundishwa itaweka alama pembeni, au juu ya herufi inayofuata.

Upande mwingine SIL ilitoa Gentium, iliyochorwa na Victor Gaultney, na Charis na Doulos. Gentium iliwekwa chini ya leseni huria mwaka 2005: unakili, unagawa, unasimika popote, hakuna wa kukuuliza. Hiyo njo nilimpa mdogo wetu. Doulos inafanana na Times kwa sura, lakini haina nene wala italiki, na TFC bila italiki italeta maneno. Akachukua Charis, akaniomba nimwandikie direkta wake barua ndogo kueleza kwa nini si Times New Roman. Nimeandika. Direkta alikubali, kwa sharti kwamba faili itolewe kwa PDF yenye fonti ndani yake, ili sekretaria isiharibu tena.

Jana jioni, kabla umeme haujakatika, niliandika kwenye ile ordinatere ya umoja: fc-list :lang=ln. Hapo ln ni Lingala. Unauliza mashini ni fonti zipi zinaweza kuiandika. Orodha ikatoka, Charis na Gentium tulizoleta kwa flash, na juu yao DejaVu, ambayo ilikuwa humo tangu siku ya kwanza tulipopewa mashini ile.