Speke na Ziwa Victoria: Maneno Matatu ya Kiingereza

Vitabu vingi vya Kiingereza husema kwamba Bwana Speke alilivumbua Ziwa Victoria tarehe 3 Agosti, 1858. Neno lao ni discover, yaani kuvumbua jambo lisilojulikana. Lisilojulikana na nani? Wavuvi wa pwani zake walilijua tangu kale, na Speke mwenyewe alikwisha kuambiwa habari zake karibu na Tabora na Snay bin Amir, mfanya biashara Mwarabu. Kupata habari kwa kuuliza, Waingereza huita find out. Mimi naona hilo ndilo lililomfaa.

Tena liko ascertain, kuhakikisha. Speke alisema Mto Nile hutoka ziwani humo. Mwenziwe Burton akakataa. Aliyelizunguka ziwa kwa mashua, akahakikisha, ni Stanley, mwaka 1875.