Pasta ya Mtaliano, Mpunga wa Mjapani, Sahani ya Garsen

Wiki jana binamu yangu aliye Milan alinitumia video akiwa kwa mgahawa fulani wa Kitaliano na Kijapani. Pasta imepakwa miso, samaki mbichi amelazwa juu ya wali wa jibini, sahani kubwa kama usukani, chakula cha kushiba paka. Chini akaandika ati tuone vitu ambavyo hatujawahi kuona.

Manze, huyu ametoka Garsen kama mimi. Italia na Japani zilishakutana kwetu kitambo, na hakuna mtu alilipa kwa yuro.

Tuanze na Italia. Ukishuka basi Garsen, pale njia inapogawanyika, moja Garissa na nyingine Lamu, ingia hoteli yoyote karibu na steji. Mama atakuuliza: wali, pasta ama nusu-nusu? Ukisema nusu-nusu unaletewa sinia: upande huu wali, upande huu pasta, nyama ya mbuzi katikati, mchuzi mwekundu, na ndizi mbivu pembeni. Ndizi si ya baadaye. Unaikata na kuila pamoja na pasta. Wasee wa Nairobi wakiona hivyo wanashika kichwa. Onjeni kwanza, halafu tubishane.

Watu wengi hudhani pasta yetu ilitoka Malindi, kwa sababu Waitaliano wamejaa hapo tangu miaka ya 1960, walipojenga kituo cha San Marco cha kurusha roketi baharini. (Setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka hapo tarehe 12 Desemba 1970. Mjue tu.) Lakini sikiliza majina. Msomali anaita pasta baasto, na mchuzi wake anauita suugo. Mtaliano anasema pasta na sugo. Hayo maneno hayakuletwa na watalii wa Malindi. Yaliletwa na ukoloni, yakapitia Mogadishu na Kismayu, yakashuka kwetu kwa barabara ya Garissa.

Na hii ndiyo sehemu ambayo mimi shuleni sikuisikia: Kismayu ilikuwa Kenya. Jubaland yote ilitawaliwa na Waingereza kutoka upande wetu mpaka 1925, wakaikabidhi Italia kama shukrani ya kupigana upande wao kwa Vita vya Kwanza. Hakuna mfugaji aliyeulizwa. Ulilala chini ya Mwingereza, ukaamka chini ya Mtaliano. Huko Italia ikafungua mashamba makubwa ya ndizi kando ya mito Juba na Shabelle, watu wakalazimishwa kuyalima, na ndizi zikapakiwa kwa meli kwenda Ulaya. Kwa hiyo ukiona ndizi na pasta kwa sahani moja, usiseme ni watu wa ajabu wanaochanganya vitu. Vyote viwili vimetoka kwa historia ya bwana mmoja, ila mpishi aliyevitia ladha, na xawaash yake ya bizari, iliki na mdalasini, ni wa kwetu.

Wajapani pia walichanganya hivyo hivyo, si kwa raha. Ile spaghetti yao ya ketchup, Naporitan, husimuliwa kwamba ilizaliwa Yokohama baada ya 1945, wakati jeshi la Marekani lilikuwa limeshika nchi. Naona pasta inapenda kusafiri na wanajeshi.

Sasa Japani ilifikaje Garsen? Kwa mpunga.

Lakini wacha nirudi nyuma kidogo, kwa sababu kuna watu hudhani mpunga uliletwa kwetu na serikali. Wapokomo wamelima mpunga kwa delta ya Tana kabla ya serikali yoyote. Mto ulikuwa unafurika mara mbili kwa mwaka, maji yanaingia mashambani, yanaacha udongo mzuri, watu wanapanda. Waorma nao wanaleta ng'ombe kwa nyasi za delta wakati wa kiangazi. Mchele na ndizi zinaenda huku, maziwa na samli zinakuja huku. Hiyo ndiyo fyusheni ya kwanza kabisa ya Garsen, na haikuwa na menyu.

Halafu mabwawa yakajengwa huko juu ili Nairobi ipate stima. Masinga lilikamilika 1981, Kiambere 1988. Mafuriko yakapungua, na mpunga wa wazee ukapungua nayo. Mwishoni mwa miaka ya 1980, TARDA, shirika la serikali lililoundwa 1974, likaja na mradi wa mpunga upande wa Gamba, kwa pesa za Japani. Tingatinga, mifereji, kuta za udongo za kuzuia mto. Ardhi ile ambayo Mpokomo alilima na Muorma alilisha ikawa ya mradi.

Mpunga ulikua, hilo tusikatae. Halafu ikaja El Nino ya 1997. Mto uliokuwa umeambiwa ukae pembeni ukarudi kwake, ukabomoa kuta na mifereji, na mradi ukalala miaka mingi. Baadaye walijaribu kuufufua, lakini mashamba hayakurudi kwa wenyewe.

Mimi hapo ndipo nakasirikia ile video ya Milan, na najua binamu hana makosa. Kwa menyu za huko vitu viwili vinawekwa pamoja kama marafiki, basi. Kwetu ukichanganya lazima uulize shamba lilienda wapi. Mwaka 2012 nilikuwa mtoto. Agosti hiyo watu zaidi ya 50 waliuawa Riketa kwa siku moja, na kufikia mwanzo wa 2013 waliokufa Tana Delta walikuwa zaidi ya 100, Waorma na Wapokomo. Kwa televisheni walituambia ni chuki ya wafugaji na wakulima, kana kwamba hawa watu hawakuwa wamebadilishana maziwa na mchele miaka yote hiyo. Hakuna aliyeonyesha ramani ya ardhi iliyokuwa imeshafungwa na miradi, watu wakabaki kusukumana kwa kile kipande kilichobaki. Siasa za uchaguzi zilichangia pia, sitaki kurahisisha. Lakini ukichukua nyasi za mmoja na mashamba ya mwingine kwa mpigo, unategemea wakutane wapi?

Desemba nilirudi nyumbani, nikaagiza nusu-nusu pale pale. Nikamuuliza mama mwenye hoteli mchele wake ni wa wapi, nikitumaini atasema Gamba. Akanionyesha gunia kwa kidole cha mguu, mikono ikiwa na unga. Pakistan.

"Na ndizi?"

"Ndizi ni ya hapa mtoni, mwanangu. Kula, inapoa."