Usafi na Usalama: Cheti cha Kiwanda cha Chai katika Nchi ya Bukoba

Aijuaye Buganguzi, huko Muleba, aijua kwanza kwa migomba na kahawa. Chai ni mgeni katika nchi ile. Lakini kisa cha vyeti vya usalama wa chakula katika viwanda vya chai hakifahamiki vema huko pasipo kuanzia kwenye kahawa, maana kahawa ndiyo iliyowazoeza Wahaya kukaguliwa.

Mwaka 1937 serikali ya Waingereza ilitoa kanuni za utunzaji wa mibuni. Wakulima wa Bukoba, ambayo wakati huo ilijumlisha Muleba, wakazipinga hata ghasia zikazuka. Si ajabu. Kibanja cha Mhaya ni makazi, ni urithi, tena ndimo yalimo makaburi ya wazee. Mgeni aingiaye humo na amri mkononi hapokelewi kama mwalimu.

Chai, ambayo Wajerumani waliijaribu Amani mwanzoni mwa karne ya 20, ilifika Bukoba baadaye, ikapata kiwanda Maruku. Mamlaka ya Chai iliundwa mwaka 1968, na Shirika la Viwango mwaka 1975. Ukaguzi uliozoeleka ulikuwa wa macho: sakafu imefagiliwa au la, mikono imenawiwa au la.

Hapa yatupasa kupambanua maneno mawili ambayo hata watafsiri huyachanganya. Usafi huonekana. Usalama hauonekani, bali huthibitishwa. Tume ya Codex, iliyoundwa na FAO na WHO mwaka 1963, na kiwango cha ISO 22000 cha mwaka 2005, vimehamisha swali kutoka la kwanza hadi la pili. Siku hizi mkaguzi hatosheki na sakafu. Ataka daftari lionyeshalo hatari ilikuwa wapi, nani aliipima, na saa ngapi. Neno cheti lenyewe, lililotujia kutoka Kihindi, asili yake ni kijikaratasi tu. Limebebeshwa mzigo mkubwa.

Tazama tanuri. Majani hunyaushwa, hukatwa, huachwa yageuke rangi, kisha hukaushwa kwa hewa ya moto, ambayo katika viwanda vingi vya Afrika Mashariki hupatikana kwa kuni. Mabomba ya tanuri yakipasuka, moshi huingia katika hewa ile, na pamoja nao kemikali iitwayo antrakwinoni. Tangu kanuni ya mwaka 2014, Umoja wa Ulaya hauruhusu zaidi ya miligramu 0.02 katika kilo moja ya chai, yaani sehemu 2 katika milioni 100. Kiwanda chaweza kung'aa kama sahani na chai yake ikakataliwa. Kuyabadili mabomba kwahitaji fedha, na kuipima kemikali hiyo kwahitaji maabara isiyopatikana kila mahali.

Lakini kizuizi kikubwa zaidi, kwa maoni yangu, kiko nje ya lango. Cheti huandikwa kwa jina la kiwanda, ilhali majani huchumwa na mikono ya wakulima wengi wadogo, yakakusanywa kandokando ya njia na kupakiwa garini. Dawa gani ilinyunyizwa, gunia lilibeba nini jana: hayo yote kiwanda hulazimika kuyajibia. Ili kuyajibia, sharti mtu aingie tena kibanjani na karatasi mkononi, akaulize. Safari hii karatasi yenyewe imetungwa kwa Kiingereza, na mwenye kibanja huulizwa kwa Kiswahili, hujibu kwa Kihaya, kisha hutakiwa atie sahihi.