Mayai ya Bata Bukini wa Hanford

Mwezi wa Agosti 2025, walimwengu walipotimiza miaka 80 tangu bomu la plutoniamu lianguke Nagasaki, Kinu B cha Hanford, katika jimbo la Washington huko Marekani, kilikumbukwa kuwa ndicho kilichoipika plutoniamu ile, nacho tangu 2015 kimo katika hifadhi ya historia ipokeayo wageni. Walakini bata bukini wanaotaga katika visiwa vya Mto Columbia, jirani na kinu hicho, ni nadra kupata mwenye kuwataja, ilhali wao na viumbe wenzao wa majini ndio waliowafunza maulamaa jinsi sumu ya atomiki inavyotoka katika maji ikaingia katika damu na mifupa.

Ardhi ya Hanford ilionekana kufaa mwishoni mwa 1942 kwa sababu mto ulikuwa na maji mengi ya baridi na umeme ulikuwa karibu. Wenyeji wakahamishwa mwaka uliofuata, na Wawanapum, waliokuwa wakivua hapo tangu enzi za mababu, wakazuiwa. Urani iliyouanzisha mradi ule ilitoka kwa sehemu kubwa Shinkolobwe, Katanga, ambako Kiswahili ni lugha ya watu. Kinu B kiliwashwa Septemba 1944, na kufikia 1955 vilikuwapo vinu vinane vilivyoyavuta maji ya mto, vikayapitisha mara moja tu ndani ya mirija yenye urani, vikayaweka mabirikani kwa saa chache, kisha vikayarudisha mtoni.

Kisa cha uchunguzi wenyewe kinasimuliwa na Neal Hines katika kitabu chake *Proving Ground* cha 1962, nacho ni kisa cha siri juu ya siri. Mwaka 1943 Lauren Donaldson, mwalimu wa elimu ya samaki katika Chuo Kikuu cha Washington, alipewa kazi ya kuwapiga samoni mionzi ya eksirei, na maabara yake ikaitwa kwa makusudi Maabara ya Uvuvi wa Vitendo, jina la kumlaza usingizi kila mwenye udadisi. Akina Donaldson wakawa wanahesabu mayai ya samaki kwa ajili ya kazi ambayo wengi wao hawakuambiwa ni kazi gani. Mwaka 1945 mwanafunzi wake, Richard Foster, alipelekwa Hanford kwenyewe, akafuga samaki katika maji yaliyotoka vinuni, na haukupita muda mrefu ikawa bayana kwamba kipimo cha maji peke yake hakitoshi kuwa hakimu, kwa kuwa kiumbe hukusanya kile ambacho mto hutawanya.

Sababu yake ni hii. Chumvichumvi zilizomo katika maji, zikipita kinuni, hugeuka kuwa na mionzi, na miongoni mwake ni fosforasi-32, ambayo nusu ya nguvu yake hutoweka katika siku 14 hivi. Fosforasi ni adimu mtoni, na kila chenye uhai huililia; mimea midogo ya majini huinyakua, viluwiluwi vya wadudu huila mimea, samaki na mbayuwayu huwala wadudu, na bata jike, atakapo kutunga yai, huimimina kwa wingi katika kiini. Hivyo maji yaliyohesabiwa kuwa salama yalizaa viini vya mayai ya ndege wa majini vyenye fosforasi hiyo zaidi ya mara laki moja kuliko maji yenyewe.

Mambo haya Foster na wenzake waliyasoma hadharani Geneva mwaka 1955, katika mkutano wa Umoja wa Mataifa juu ya matumizi ya amani ya atomiki, na Eugene Odum akayaingiza katika kitabu chake cha ikolojia cha 1959, kikasomeshwa vyuo vingi. Lakini Michele Gerber, aliyeziperuzi hati za Hanford hata akatoa kitabu mwaka 1992, aonyesha kwamba ukubwa wa kilichomwagwa ulibaki makabatini; kurasa 19,000 za kwanza hazikufunguliwa hadi Februari 1986. Yaani wataalamu wa Geneva waliambiwa habari ya mayai kabla ya Wayakama, ambao haki yao ya kuvua imeandikwa katika mkataba wa 1855, kuambiwa habari ya samaki waliowala. Hata mfanyakazi mmoja wa Hanford, alipopimwa mwili akakutwa na zinki-65, ilibidi aulizwe amekula nini, ndipo ilipodhihirika kwamba ni chaza wa Ghuba ya Willapa, jirani na mlango wa mto, takriban kilomita 600 chini kwa kuufuata mkondo.

Vinu hivyo vinane vilizimwa kimoja kimoja kati ya 1964 na 1971, fosforasi ikaisha upesi, na mwaka 2000 kipande kile cha mto kikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa.

Nasi tunaouona mradi wa urani wa Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, Tanzania, kwenye ardhi iliyomegwa kutoka eneo la Urithi wa Dunia la Selous mwaka 2012, tusitosheke kuambiwa kwamba maji yamepimwa. Na wapimwe samaki na ndege pia, na hesabu yake isomwe kwanza mbele ya wanaovua, kwa lugha yao, kabla ya kupelekwa katika mkutano wowote wa ng'ambo.